Mafuta ya shangazi yanapoganda

Kila Julai, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, shangazi yangu hupoteza wateja. Anauza mawese pale Mwanga, Kigoma mjini, kwenye kibanda ambacho nimekuwa nikikaa naye tangu nikiwa darasa la pili. Mafuta yake ni safi. Chikichi zinachemshwa, zinakamuliwa kwenye mashine, kisha mafuta yanarudishwa jikoni mpaka maji yote yaishe. Lakini kipupwe kikishaingia, na upepo wa alfajiri ukawa unatoka milimani kuelekea ziwani, ndani ya dumu moja hutokea mafuta mawili. Ya juu yanabaki mekundu, maangavu kama chai ya rangi. Ya chini yanakuwa mazito, ya rangi ya chungwa iliyofifia, yenye chembechembe kama uji wa jana.

Mwenyeji wa Kigoma hilo halimsumbui, amelizoea toka utoto. Mgeni ndiye hulitazama dumu, akamtazama shangazi, kisha akauliza: "Mama, humu umechanganya nini?"

Julai moja nilikuwepo. Mteja mmoja aliinua chupa juu, akasema kwa sauti ili majirani wasikie kwamba huo ni unga wa muhogo umekorogewa humo. Shangazi hakubishana. Aliichukua chupa, akaiweka juu ya bati lililopigwa na jua, akamwomba asubiri. Baada ya muda yote yaliyeyuka, chupa nzima ikawa nyekundu tangu juu hadi chini, hakuna punje ya unga. Mteja alikuwa ameshaondoka.

Shangazi akanigeukia. "Wewe mwanangu ni mwalimu wa kemia. Hebu niambie, kinachoyashika ni nini? Yote yametoka kwenye chikichi moja. Kwa nini haya yanashikana na haya hayashikani?"

Nikamwambia ni baridi.

"Baridi inawapata wote sawa," akasema, akaendelea kupima mafuta.

Alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, maana somo hilo nalifundisha. Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka naandika ubaoni aina za kani zinazoshikilia vitu. Chini kabisa ya orodha, muda wa kipindi ukiwa unakwisha, naandika kani za van der Waals na mbele yake neno moja: hafifu. Wanafunzi wanalikariri, mtihani unaliuliza, tunasonga mbele. Sasa naamini neno hilo limewanyima mengi. Mtoto akishaambiwa kitu ni hafifu, haoni sababu ya kukiuliza kinafanya nini.

Anza na chumvi ya Uvinza, maana hiyo haina utata. Watu wamechemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi tangu kale sana. Ndani ya punje moja kuna sodiamu yenye chaji chanya na kloridi yenye chaji hasi, zimepangana kwa zamu, kila moja imezungukwa na wale inaowavuta. Kuivunja safu hiyo kwa moto kunahitaji nyuzijoto 801. Hata asiyesoma kemia anaelewa ukimwambia chanya na hasi vinavutana. Mawese hayana hilo. Molekuli ya mafuta ni kichwa kidogo cha gliseroli chenye mikia mitatu mirefu ya kaboni na haidrojeni, na mikia hiyo haina chaji ya kutaja. Kwa hesabu ya chaji peke yake, mkia na mkia hawana la kuambiana. Na bado asubuhi yanaganda.

Swali la shangazi ni la zamani. Johannes Diderik van der Waals, mwana wa seremala wa Leiden, Uholanzi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa profesa, aliliona wazi mwaka 1873 katika tasnifu yake. Alisema gesi haziwezi kugeuka kimiminika kama molekuli zake hazivutani, na haziwezi kuwa na ukubwa wake kama hazikatazani kuingiliana. Aliweka namba mbili kwenye mlinganyo wake, moja ya mvuto na moja ya nafasi ambayo molekuli inaikalia mwenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Mvuto huo unatoka wapi, na ukatazo huo unatoka wapi, hakuweza kusema, na fizikia ya siku zake isingeweza kumsaidia.

Hapo ndipo jina la London linapoingia. Kila mwaka nina mwanafunzi anayeamini kwamba kani za London ziligunduliwa katika jiji la London. Hapana. Ni jina la mtu, Fritz London, aliyezaliwa Breslau mwaka 1900, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Mwaka 1930, akiwa Berlin, alionyesha kwamba atomu mbili zisizo na chaji, zisizo na upande chanya wala upande hasi, lazima zivutane. Miaka mitatu baadaye alilazimika kuondoka Ujerumani kwa sababu alikuwa Myahudi. Akapita Uingereza na Ufaransa, akaishia Marekani, Chuo Kikuu cha Duke, na huko akafariki mwaka 1954.

Alichokiona ni hiki. Elektroni za atomu hazijaganda mahali. Ukipima wastani, wingu lao ni duara kamili na atomu ni sifuri kila upande. Lakini wastani unaficha mengi. Fikiria akina mama wawili wanapishana kwenye njia nyembamba ya kutoka ziwani, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani. Maji ya kila ndoo yanayumba. Wakiwa mbali, kila ndoo inayumba kivyake. Wakikaribiana, macho yao yakikutana, huyu akiinamia kulia yule naye anajirekebisha, na kuyumba kwao kunaanza kwenda pamoja. Kwa atomu, kuyumba huko kwa pamoja kunapunguza nishati ya jumla kidogo. Na chochote kinachopunguza nishati kadiri mnavyokaribiana ni mvuto. Mfano wa ndoo una mwisho wake: ndoo zinaweza kutulia, elektroni haziwezi. Hata kwenye baridi ya mwisho kabisa fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama elektroni, haiziruhusu kutulia, ndiyo maana mvuto huu haukomi.

London aliuita mvuto wa mtawanyo. Jina hilo linawachanganya watu, kwa sababu hakuna kinachotawanyika kati ya molekuli. Alilichukua kutoka kwenye mwanga: hesabu ya namna elektroni zinavyoitikia mawimbi ya mwanga, ile inayoeleza kwa nini kioo cha pembetatu kinatawanya rangi, ndiyo hiyo hiyo inayotoa ukubwa wa mvuto huu. Atomu ambayo elektroni zake zinayumbishwa kirahisi huupinda mwanga zaidi, na huvuta jirani zaidi. Heliamu ina elektroni mbili tu, zimekumbatiwa na kiini, ngumu kuyumba. Ndiyo maana ilikaidi kuwa kimiminika mpaka mwaka 1908, pale Leiden, kwenye nyuzijoto 269 chini ya sifuri. Zenoni ina elektroni 54, na zile za nje ziko mbali na kiini. Inachemka kwenye nyuzijoto 108 chini ya sifuri. Zote mbili ni gesi pweke zisizounda molekuli zenyewe kwa zenyewe, hazina chaji, hazina ncha. Tofauti ni kuyumba tu.

Mvuto huu una tabia mbili ambazo nataka msomaji azishike, maana chupa ya shangazi imesimama juu yake. Ya kwanza, unakufa haraka kwa umbali. Nishati yake kati ya atomu mbili hupungua kwa umbali uliopandishwa kwenye kipeo cha sita. Ukiongeza umbali mara mbili, kilichobaki ni sehemu moja kati ya 64. Ya pili, haushibi. Kaboni ikishashikana na wenzake wanne imemaliza mikono yake, lakini kwa mtawanyo kila atomu inavuta kila atomu iliyo karibu bila kikomo cha idadi. Kwa hiyo urefu ni mali.

Angalia jikoni. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani, yenye kaboni moja. Inachemka kwenye nyuzijoto 162 chini ya sifuri, na huwezi kuigeuza kimiminika kwenye joto la nyumbani hata uibane namna gani. Gesi ya mtungi unaobebwa kwenye bodaboda ni propani na butani, kaboni tatu na nne. Propani inachemka kwenye 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, na ndiyo maana mtungi ukiutikisa unasikia maji maji ndani. Aina ya atomu ni ile ile, aina ya muungano ni ile ile. Kilichoongezeka ni kaboni mbili au tatu za kuvutana na jirani. Ongeza zaidi unapata mafuta ya taa, ongeza zaidi unapata grisi, ongeza zaidi unapata nta ya mshumaa unayoweza kuisimamisha mezani. Neno "hafifu" ni kweli kwa jozi moja ya atomu. Kwa mkia wenye kaboni kumi na sita, wenye jirani pande zote, limeshakuwa uongo.

Sasa naweza kurudi kwenye dumu. Mikia ya mawese kwa kiasi kikubwa ni ya aina mbili. Mmoja ni wa asidi ya palmitiki, kaboni 16, ambayo hata jina lake limetokana na mti wa mchikichi na ndugu zake. Mwingine ni wa asidi ya oleiki, kaboni 18. Kwa yale niliyosema kuhusu urefu, oleiki ingepaswa kuganda kwanza. Asidi ya palmitiki ikiwa peke yake inayeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi. Oleiki inayeyuka kati ya 13 na 16. Imekuwa kinyume kabisa! Na kuna asidi ya tatu, steariki, yenye kaboni 18 kama oleiki, ambayo inayeyuka kwenye 69. Tofauti ya steariki na oleiki ni haidrojeni mbili. Oleiki imezikosa katikati ya mkia, kaboni mbili pale zimeshikana maradufu, na mkia umepinda kama kiwiko.

Kupinda tu. Mikia iliyonyooka inalala ubavu kwa ubavu, kila kaboni inagusana na jirani mwanzo hadi mwisho. Mkia uliopinda hauwezi kulala hivyo. Unamsogeza jirani mbali kidogo, na kwa kani inayofuata kipeo cha sita, kidogo hicho ni hasara kubwa. Molekuli zenye mikia mingi iliyonyooka zinapangana na kuzama kama chembe, zenye mikia iliyopinda zinabaki kimiminika juu. Viwandani hufanya jambo hili kwa makusudi: hupoza mafuta ya mawese, huchuja yaliyoganda, na kile kimiminika kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye chupa nyingi za mafuta ya kupikia. Kipupwe cha Kigoma kinafanya kazi hiyo bure.

Nilidhani nimemaliza. Niliandaa kipindi kizima kuhusu mawese, nikaenda na chupa mbili darasani, moja imeganda nusu. Wanafunzi walifurahi kuliko siku yoyote. Kisha kijana mmoja wa kidato cha sita, mtoto wa mvuvi kutoka Katonga, akanyoosha mkono.

"Madam, mkia uliopinda unamsogeza jirani. Kwa nini jirani asipenye tu? Si umesema atomu karibu yote ni uwazi?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa mimi: elektroni za nje zina chaji hasi, hasi na hasi zinasukumana.

"Lakini jana ulisema atomu haina chaji. Kama elektroni za huyu zinasukumana na elektroni za yule, si kiini cha huyu kinavuta elektroni za yule pia? Nani anashinda?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nitalitafuta.

Nililitafuta usiku mbili, kwa karatasi na kalamu, na nilichokikuta kilinishtua. Chukua atomu mbili za heliamu. Zisogeze mpaka mawingu yao yaanze kuingiliana. Elektroni ya kushoto ikipenya ndani ya wingu la kulia, sehemu ya wingu hilo inabaki nyuma yake, kwa hiyo kiini cha kulia hakijafichwa tena kikamilifu machoni pake, na kinaivuta. Upande wa pili ni hivyo hivyo. Ukijumlisha misukumo yote na mivuto yote kwa sheria ya Coulomb ya chaji peke yake, mawingu yakiwa hayajabadilika umbo, jibu kwenye umbali wa kugusana ni mvuto. Msukumo wa chaji unakuja baadaye sana, viini vyenyewe vikishakaribiana. Kwa maneno mengine, kama dunia ingekuwa na umeme tu, atomu zingeingiliana. Jibu nililokuwa nikilitoa miaka yote lilikuwa na alama iliyogeuzwa.

Kinachokataza ni kitu kingine, na jina lake ni ubadilishanaji. Mwaka 1925 mwanafizikia Wolfgang Pauli alitamka kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ile ile. Sababu ya ndani ni kufanana kwao, na kufanana huku si kwa kawaida. Sisi huku pacha tunawaita Bukuru na Butoyi, wa kwanza na wa pili, na hata wakifanana vipi mama yao anajua nani alitangulia. Elektroni hazina mama anayejua. Hazina alama, hazina aliyetangulia. Ukizibadilishia nafasi, hakuna kipimo chochote kitakachogundua.

Kitu kimoja tu kinabadilika, nacho hakipimiki moja kwa moja: wimbi linaloelezea elektroni zote kwa pamoja linageuza alama, chanya inakuwa hasi. Sasa weka elektroni mbili zenye spini moja, yaani ile sifa ya elektroni yenye hali mbili tu, mahali pamoja kabisa. Ukizibadilisha nafasi, umefanya nini? Hujafanya kitu, zilikuwa mahali pamoja. Wimbi lazima libaki lilivyo. Lakini sheria inasema lazima ligeuke alama. Namba pekee iliyo sawa na hasi yake yenyewe ni sifuri. Basi uwezekano wa kuzikuta hapo ni sifuri. Nilipofika kwenye mstari huo niliweka kalamu chini. Ugumu wa meza niliyoiegemea ulikuwa umo ndani ya alama moja ya kutoa.

Jina hili nalo linapotosha. Hakuna elektroni inayotoka hapa kwenda kule kama bidhaa za mpakani Manyovu. Neno linahusu kile kinachotokea kwenye hesabu ukiuliza, je, zikibadilishana? Lakini matokeo yake ni ya kweli kabisa. Mawingu ya atomu mbili zilizojaa yakiingiliana, elektroni zenye spini moja zinalazimika kuhama eneo la katikati. Zinabanwa kwenye nafasi finyu zaidi, mwendo wao unapanda, nishati inapanda. Na katikati, palipokuwa na wingu la kuvificha viini, pamebaki peupe, viini vinaonana.

Mwaka 1939 kijana wa miaka 21, Richard Feynman, aliandika kuhusu kani ndani ya molekuli, na humo kuna wazo ambalo nalipenda kuliko yote. Kwenye mvuto wa mtawanyo, alisema, wingu la kila atomu linajikusanya kidogo upande wa jirani, na kila kiini kinavutwa na wingu lake chenyewe lililosogea. Ukiliweka hilo karibu na ubadilishanaji, unaziona kani mbili kama harakati mbili za wingu moja. Kwa mbali, wingu linaegemea katikati. Kwa karibu mno, wingu linafukuzwa katikati. Molekuli inatulia pale harakati hizo zinapolingana. Kwa atomu mbili za agoni, gesi pweke kama heliamu, pahali hapo ni nanomita 0.376, na nanomita moja ni sehemu moja kati ya bilioni ya mita.

Ukuta wa ubadilishanaji haufuati kipeo cha sita wala cha kumi na mbili. Kile kipeo cha kumi na mbili mtakachokikuta vitabuni pamoja na jina la Lennard-Jones kilipendwa kwa sababu ni rahisi kukokotoa, ni mraba wa sita. Ukuta wenyewe unapungua kama mawingu yanavyopungua: kila hatua ndogo ukirudi nyuma, unabaki na sehemu ndogo ya ulichokuwa nacho, na hatua nyingine, sehemu ile ile ya kilichobaki. Ndiyo maana unahisi kitu kigumu ukikigusa na huhisi chochote ukiwa upana wa unywele mbali nacho.

Kijana wa Katonga nilimpeleka ziwani kwa maneno. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Maji ya chini kabisa yamebeba mgandamizo unaozidi mara 140 ule wa hewa tunayovuta. Je, yamebanwa kiasi gani? Hayajapoteza hata sehemu moja kati ya mia ya ujazo wake. Tulikokotoa pamoja ubaoni: ukijumlisha mbano wote tangu juu hadi chini, uso wa maji mahali pale umeshuka mita tano hivi tu kuliko ambavyo ungekuwa kama maji yasingebanika kabisa. Maji yana mambo yake mengine ya kuvutana, yana muungano wa haidrojeni wenye nguvu kuliko mtawanyo, lakini kinachokataa kubanwa ni kile kile, elektroni zisizo na majina zinakataa kukaa pamoja. Akatazama dirishani kuelekea ziwani, kisha akaandika.

Nikawaambia pia habari ya Liemba, kwa sababu meli hiyo kila mtoto wa Kigoma anaijua lakini hakuna aliyewahi kuniletea kwenye kemia. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hapa na kuunganishwa kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, na kabla ya kuizamisha wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mitambo ilikutwa inafaa. Miaka kadhaa ndani ya maji, chuma kikalindwa na mikia ya kaboni iliyoshikana kwa kani tunayoiita hafifu.

Watu husema mafuta na maji vinachukiana. Haviko hivyo. Molekuli ya mafuta inaivuta ya maji kwa mtawanyo kama inavyovuta kitu kingine chochote. Ila maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu zaidi, hayako tayari kuachiana mikono ili kuipisha grisi, na grisi nayo imekikumbatia chuma. Maji yalibaki nje.

Liemba ilirudi kazini mwaka 1927. Mwaka huo huo, Zurich, Fritz London na mwenzake Walter Heitler walichapisha hesabu ya molekuli ya haidrojeni, iliyoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba ubadilishanaji ndio unaofunga atomu mbili za haidrojeni pamoja. Spini zikiwa kinyume, elektroni zinaruhusiwa kujaa katikati, na atomu zinafungana. Spini zikiwa sawa, zinafukuzwa, na atomu zinasukumana. Njia yao, hesabu zake zikikamilishwa, inatoa karibu theluthi mbili ya nguvu halisi ya muungano huo, kwa kalamu tu. Mtu yule yule, ndani ya miaka mitatu, alieleza kinachofunga, kinachokataza, na kinachovuta kwa mbali. Sijui kwa nini hatumtaji darasani isipokuwa kama neno linalofanana na jiji.

Na kosa la kudharau mtawanyo halikuwa letu walimu peke yetu. Mpaka mwanzoni mwa karne hii, njia za kompyuta zilizotumiwa zaidi kukokotoa molekuli kwa msongamano wa elektroni hazikuuhesabu vizuri, na matokeo yake vipande vya DNA, ambavyo hulaliana kama sahani kabatini, kwenye kompyuta vilionekana havishikani inavyotakiwa. Masahihisho ya Mjerumani Stefan Grimme, hasa ya mwaka 2006 na 2010, yaliurudisha mvuto huo kwenye hesabu za kila siku.

Nilirudi kwa shangazi Jumamosi. Sikumletea Pauli wala London. Nilimwambia mafuta yana mikia, mingine imenyooka, mingine imepinda, na kila mkia unamvuta jirani yake, lakini ni lazima wawe karibu sana, na hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani ya mwenzake. Nikatafuta mfano, akanitangulia.

"Kama mzigo wa kuni," akasema. "Zilizonyooka ukizifunga zinakaa. Zilizopinda hazifungiki, kila ukikaza zinaacha matundu."

Nikamwambia ndivyo hasa.

Akapima lita mbili za mteja, akafunga kifuniko, akafikiri kidogo. "Na hizo zilizopinda, hakuna namna ya kuzinyoosha?"

Ipo. Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza yake mwaka 1902: mafuta yanachanganywa na gesi ya haidrojeni na unga wa nikeli, yale matundu ya haidrojeni mbili zinazokosekana yanajazwa, mikia inanyooka, na mafuta ya maji maji yanakuwa magumu. Kwa njia hiyo ndiyo siagi nyingi za kopo zilikuwa zikitengenezwa. Nilipomweleza alicheka kwa furaha, akapiga kofi pajani, kwa sababu alikuwa ameifikia mwenyewe njia hiyo akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilipita kabla ya kwenda kanisani. Alikuwepo mgeni, mwanamke mwenye begi la safari, ameshika chupa anaitazama dhidi ya mwanga. Akauliza swali lile lile la kila Julai.

"Hayo ya chini yamenyooka, mama, ya juu yamepinda," shangazi akamjibu. "Kama ni ya maharage, tikisa uchukue yote."

Akatikisa.